Ninavyochimba shimo la kupima theluji milimani Colorado

Kwenye milima ya Colorado, theluji ninayoihofia zaidi ni ya Oktoba na Novemba, iliyokwisha kufunikwa. Ardhi huwa karibu nyuzi 0 za Selsiasi, na usiku usio na mawingu uso wa theluji hushuka hadi -12 au chini zaidi. Ikiwa kina ni sm 40 tu, hiyo ni tofauti ya nyuzi 3 kwa kila sm 10. Nyuzi 1 tu yatosha kuanza kuzigeuza chembe kuwa punje kavu zisizoshikana, kama sukari. Theluji nzito ya Januari ikilalia juu yake, theluji ya mteremko mzima inaweza kukatika na kuporomoka kwa uzito wa mtu mmoja.

Asubuhi husoma kwanza taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo cha jimbo kinachotoa taarifa za maporomoko ya theluji. Ikitaja tabaka dhaifu la chini, nabaki kwenye miteremko isiyofika pembe ya nyuzi 30, tena isiyo na genge wala mteremko mkali juu yake, maana ufa huweza kuanzia chini ukapanda. Shimo silitumii kuipinga taarifa. Huweza kunirudisha nyumbani, basi.

Nachimba mahali salama, penye mwelekeo na mwinuko sawa na mteremko ninaoutaka, mbali na miti na marundo ya theluji iliyokusanywa na upepo. Nalainisha ukuta kwa koleo, kisha napitisha kidole toka juu hadi chini. Kikifika kwenye tabaka bovu huzama chenyewe, na punje humwagika juu ya glavu.

Halafu nakata nguzo ya sm 90 kukingama mteremko na sm 30 kuufuata kwenda juu, nyuma nikiitenganisha kwa kamba yenye mafundo. Naweka koleo upande mmoja juu yake na kupiga: mara 10 kwa kifundo cha mkono, 10 kwa kiwiko, 10 kwa bega. Ufa ukivuka nguzo yote kwa pigo lilelile ulipoanzia, au linalofuata, sipandi, hata ikiwa ni pigo la 25. Wengi hukosea hapa: huhesabu mapigo na kusahau kuangalia kama ufa ulisambaa.

Nyuma ya nguzo lazima ikatike kabisa, la sivyo matokeo hudanganya. Na tabaka likiwa kwenye kina kinachozidi mita 1 hivi, mapigo hayalifikii vizuri. Hapo naamua kwa taarifa na kipima pembe tu.