Sweta za Shule, Sarafu ya Mia Mbili na Safari ya Tanga

Mwaka jana tulirudi kutoka Tanga Jumapili usiku, saa tano kasoro. Basi lilituharibikia njiani, mbele kidogo ya Same, tukakaa kando ya barabara tukila machungwa ya Muheza tuliyokuwa tunawaletea majirani. Tulipofika nyumbani Kijenge, hapa Arusha, watoto wawili walikuwa wamelala mabegani mwetu na wa tatu analia baridi, maana pwani tulitoka na fulana na ndala, na Arusha ya Julai haimwonei huruma mtu wa ndala. Nikafungua mlango, nikabonyeza swichi. Kimya. LUKU imeisha, ule umeme wa kulipia kabla. Kisha ikaja harufu.

Kuku wawili na maziwa lita tatu. Nitaishia hapo, aliyewahi kufungua friji la namna hiyo hahitaji maelezo. Simu yangu ilikuwa imezima. Ya mume wangu ndiyo iliyonunua umeme, kwa hiyo yeye ananisomea zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, mimi nabonyeza kwa mwanga wa kiberiti. Tulikosea mara mbili. Na kesho yake shule zinafunguliwa, sweta zote ziko kwenye tenga la nguo chafu, tangu siku ya kufunga shule zimo humo humo.

Mwaka huu nikaapa hayatajirudia. Mume wangu alidhani nazungumzia basi.

Nianze na sweta. Kwa asiyeishi huku: Juni na Julai mawingu yanaukalia mji, Mlima Meru unaweza kupita siku kadhaa hujauona, na sweta nzito ya shule ukiianika Jumamosi, Jumatatu asubuhi bado makwapa yana unyevu. Nimewahi kuzikausha kwa pasi. Zinatoa mvuke na harufu ya mbuzi aliyenyeshewa. Safari hii nilizifua siku ile ile waliyofunga shule, zikakaa kwenye kamba siku tatu, zikakauka kweli. Mimi ni fundi cherehani, lakini watoto wangu ndio wenye vifungo vilivyokatika kuliko wote mtaani, kwa hiyo nikakaa jioni moja kwa ajili yao tu. Nikashona vifungo, nikamshushia wa kati pindo la sketi maana amerefuka, na kaptula ya kitinda mimba nikaitia kiraka cha ndani pale anapokalia. Kila mtoto henga yake: shati, sweta, sketi au kaptula, na soksi zimekunjwa ndani ya mfuko. Rimu ya karatasi na fagio la chelewa vinavyotakiwa shuleni nikanunua kabla ya safari. Ukitoka Tanga mfuko umetoboka, na mwalimu hajui kama ulikuwa Tanga.

Friji nalo lilinifundisha hesabu. Nilisoma mita asubuhi ya Jumatatu, nikaisoma tena asubuhi ya Jumanne: tumekula uniti tatu, na hapo kuna pasi, televisheni na watoto wasiozima taa. Friji peke yake halifiki huko. Nikazidisha tatu kwa siku kumi na mbili za safari, nikanunua, na nikaziingiza kwenye mita kabisa. Umeme wa kwenye meseji hauwashi friji. Wiki ya mwisho kabla ya safari tukala kwa amri ya friji: leo nyanya zinazolainika, kesho ile nusu ya kabichi, keshokutwa maziwa yote yaishe. Kwenye friza nikabakiza makopo mawili ya aiskrimu yenye maharage niliyoyachemsha, na kikombe cha maji.

Kikombe hicho kinahitaji maelezo. Unagandisha maji mpaka yawe jiwe, halafu unalaza sarafu juu ya barafu. Ukirudi ukaikuta bado juu, barafu haikuyeyuka. Ukiikuta imezama, jua umeme uliondoka kwa muda mrefu, vyakula vikayeyuka kisha vikaganda tena, hata kama kwa macho vinaonekana salama. Vitupe. Niliweka ya shilingi mia mbili. Kitinda mimba alisimama kwenye kigoda akauliza kama simba wa kwenye sarafu hawatasikia baridi.

Jambo jingine ni maji ya kunywa. Maji ya huku kwetu yana madini ya floridi, ndiyo yanayotutia meno rangi ya kahawia, na wifi yangu wa Tanga hawezi kutuona tukicheka bila kusema “hao wa Arusha hao.” Kuyachemsha hakuondoi floridi; maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza yanakuwa makali zaidi. Ndiyo maana maji ya kunywa tunanunua. Sasa usiku wa kurudi, duka limefungwa, watoto wana kiu ya safari, utawapa nini? Nikaacha dumu moja limejaa, limefunikwa, mtu asiliguse.

Gesi, koki ya maji na plagi ni kazi za baba watoto, alizifanya. Kuku nilimwachia bibi wa jirani pamoja na ufunguo. Wateja nao niliwaambia mapema kwamba wiki ya kwanza ya Julai sichukui kipimo kwa mtu. Mmoja alininunia, lakini bora anune sasa kuliko kumkuta mlangoni na kitambaa cha harusi kabla sijashusha begi.

Lililouma ni siku za kurudi. Tuliondoka Tanga Ijumaa badala ya Jumapili. Wifi alisimama kibarazani akiwa amejishika kiuno: “Ndiyo nyie, waja leo waondoka leo!” Watoto wote walikuwa upande wake, kwa sababu siku mbili za Pangani walikuwa wameziona chache tayari. Sikubishana nao, maana hata mimi nilitaka kubaki. Ila nilishapata Jumatatu moja ya namna ile, na sikutaka ya pili.

Sweta za nyumbani zilikuwa juu kabisa kwenye begi la mkononi. Tulipofika Boma Ng'ombe kila mtu akavaa yake bila basi zima kujua tuna begi.

Tuliingia nyumbani saa mbili usiku. Nikabonyeza swichi, taa ikawaka, na sitaki kudanganya, nilipiga kigelegele kidogo. Bibi alikuwa ametuachia mayai saba kwenye sahani mezani. Mume wangu akasema leo anapika yeye. Akawasha kiberiti, jiko kimya. Cha pili. Cha tatu. “Mama watoto, gesi imeisha, na mtungi nimeununua mwezi uliopita tu!” Akaanza kumlalamikia muuzaji, kwamba siku hizi wanajaza hewa. Nilimwacha aseme mpaka mwisho, ndipo nikamuuliza ni nani aliyefunga koki ya mtungi siku ya kuondoka.

Maharage yaliungwa kwa kitunguu na karoti, wali ukaiva, tukala wote tukiwa macho. Jumamosi tukafua za pwani zenye mchanga, zikaning'inia mpaka Jumanne bila kumsumbua mtu. Jumatatu watoto walitoka na sweta kavu, na chungwa moja moja la Muheza kwenye begi.

Sarafu tuliikuta juu, simba wake wakavu. Kitinda mimba alinuna, yeye alitaka kuiona imezama. Akasema tusubiri, labda safari ijayo. Kwa hiyo mpaka leo ninapoandika, kikombe kimo kwenye friza, kimekaa pale ninapotaka kuweka samaki, na sina ruhusa ya kukigusa.