Nikifuata Gunia kutoka Usangu hadi Kyela

Anayetaka kuona jinsi Nyanda za Juu Kusini zinavyoishi, asafiri mwezi Juni. Mvua imekatika, barabara za vijijini zinapitika, na karibu kila kilichopandwa tangu Desemba kimeshaingia kwenye gunia au kinakaribia kuingia. Nilishukia Makambako alfajiri, upepo ukikata masikio, nia yangu ikiwa moja: kufuata gunia. Nilitaka kujua linajazwa wapi, linapimwa na nani, na pesa yake inatua mikononi mwa nani.

Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea na Njombe inaikuta hapo barabara kuu ya kwenda Zambia, na jirani inapita TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Malori ya mbao, viazi na mahindi yalikuwa yamepanga foleni, madereva wakipasha moto injini. Mama lishe aliyekuwa anachoma chapati aliitikia "kamwene" yangu, akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia Igurusi. "Ahaa, unakwenda kwenye mchele," akasema. Kadiri nilivyosonga mbele nilisikia hivyo hivyo kila kituo: Isyonje ni kwenye viazi, Kiwira ni kwenye ndizi, Katumba ni kwenye chai. Watu wa huku wanataja mahali kwa zao lake, na mgeni akishaelewa hivyo amepata ramani nzima.

Basi lilipoipita Igawa, nchi ilibadilika ghafla. Kushoto ilisimama safu ya milima ya Kipengere, kulia bonde la Usangu likafunguka hadi macho yakachoka. Chimala inakaa mguuni pa milima hiyo, pale inapoanzia barabara ya kupanda Matamba, maarufu kwa kona zake 57. Wakati huu wa mwaka bonde lina rangi ya dhahabu iliyokatwa vipande vipande na matuta ya majaruba, vile vishamba vya mpunga vinavyoshika maji.

Igurusi nilipokelewa na mama mmoja anayelima ekari chache ndani ya skimu ya umwagiliaji, ndugu wa rafiki yangu wa siku nyingi. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umefika wakati mzuri, leo tunapiga." Tukaenda moja kwa moja shambani. Wanawake wanne walikuwa wanakata kwa mundu, mkono wa kushoto umekamata fungu la masuke, wa kulia unavuta karibu na ardhi. Nyuma yao vijana walikuwa wamesimamisha pipa tupu juu ya turubai kubwa, wanapiga mafungu juu yake, punje zinaruka kama mvua ya mawe. Upande wa pili wa mfereji kombaini ya kukodi ilikuwa inafyeka eneo la jirani. Nilimuuliza mama kwa nini yeye haikodi. Akasema majaruba yake bado yana unyevu, na mashine ile ikizama hapo msimu wa mtu umezama nayo.

Tulikaa kivulini akanihesabia njia aliyopitia. Kitalu kiliandaliwa kabla ya Krismasi, mbegu ni SARO 5, ambayo wengi huku wanaipenda kwa kuzaa na kwa soko. Ikaja pawatila, lile trekta dogo la kusukuma kwa mkono, ya kuvuruga, vibarua wa kupandikiza, palizi, mbolea ya kukuzia, halafu wiki za kuamia ndege. Kwelea kwelea wakishuka kwa kundi, jaruba halimalizi asubuhi. Ndiyo maana kuna watoto wakubwa na wazee wanaoshinda juu ya vichuguu na kombeo mkononi, na kazi hiyo haionekani popote kwenye hesabu za nchi. Kodi ya shamba analipa kwa magunia, na anayempa pawatila naye anangoja gunia. Kabla mpunga haujafika nyumbani, sehemu yake ina wenyewe tayari.

"Kinachobaki ndicho changu," alisema. "Na hicho ndicho ada, ndicho bati, ndicho daftari la dukani."

Lile daftari la dukani nililiona kwa macho. Mwenye duka karibu na stendi amekopesha sukari, sabuni na mafuta tangu Januari, na majina yote yaliyomo humo yanafutwa kati ya Juni na Agosti. Fundi cherehani aliniambia kazi zake za mwaka mzima zinakuja miezi hiyo hiyo, kwa sababu harusi zinafungwa mavuno yakishauzwa. Kijana wa bodaboda alikuwa anamalizia deni la pikipiki kwa fedha ya kusomba magunia kutoka shambani hadi mashineni. Inasemwa mara nyingi kwamba kilimo kinachangia zaidi kidogo ya robo ya pato la taifa na kwamba Watanzania wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Ukikaa Igurusi unaona ile robo ilivyo ndogo kueleza jambo lenyewe. Fundi cherehani, muuza bati na mwalimu wa shule binafsi hawahesabiwi kuwa wakulima, lakini jaruba likikauka wote wanalala njaa.

Jioni tulikwenda mashineni. Igurusi ina mashine za kukoboa zilizopangana, vumbi jeupe limekaa juu ya kila kitu, hata kwenye nyusi za wapakiaji. Mpunga unaanikwa kwanza juu ya maturubai. Msimamizi mmoja alikuwa anapita anaokota punje, anaiuma, anasikiliza. Ikipondeka bila mlio bado ni mbichi, irudi juani. Ikikauka kupita kiasi itatoa chenga nyingi na bei inaanguka. Hapo nilijifunza pia kwamba gunia la mpunga halitoi gunia la mchele, kwani kiasi cha theluthi moja kinaondoka na maganda na pumba. Hata hivyo hakitupwi. Pumba laini zinanunuliwa na wafugaji wa kuku na nguruwe, na maganda yanakwenda kwa wachoma matofali, ambao matanuri yao yanafuka moshi kando ya barabara hadi karibu na Mbeya mjini. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa mpunga mara mbili: kwa fedha yake na kwa moto wake.

Mama hakuuza siku ile. Aliweka magunia yake stoo akingoja bei ipande kuelekea mwisho wa mwaka. Jirani yake hakuwa na uwezo huo. Alikuwa na mgonjwa, na dalali alishamlipa tangu mpunga ukiwa kijani. Wamelima bonde moja, maji yale yale, na bado mwaka wao hautafanana. Kwa maoni yangu, anayetaka kumsaidia mkulima wa Usangu aanze na hiyo miezi mitano ya kungoja: stoo ya kuaminika na mkopo mdogo wa kumvusha.

Kuna jambo jingine kuhusu Usangu ambalo sikutaka kulipita. Maji ya majaruba haya ni ya mito inayounda Ruaha Mkuu, ambao unapita kwenye ardhioevu ya Ihefu, unaingia Hifadhi ya Ruaha, kisha unajaza bwawa la Mtera na kuteremka hadi Kidatu. Kidatu lilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na bwawa la Mtera likakamilika 1980. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi kila kiangazi, na viboko wanabanana kwenye madimbwi. Mzee mmoja wa jumuiya ya watumia maji alinipeleka kwenye lango la mfereji, chuma chenye gurudumu la kuzungusha, akanionyesha daftari la zamu. Kila kundi lina usiku wake. Msimu ukiisha lango linatakiwa lifungwe, maji yarudi mtoni. "Akitokea mmoja akafungua usiku kwa ajili ya bustani yake ya vitunguu, wa chini wanakosa," alisema. Nilimwamini alivyosema kwa uchungu. Sahani ya wali na taa ya umeme mjini zinachota kwenye mto mmoja, na mzee yule asiyelipwa mshahara ndiye anayezilinda zote mbili.

Kutoka Igurusi nilipanda daladala hadi Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapochepuka kushoto. Kituo cha utafiti cha Uyole kipo hapo, na mbegu za mahindi na maharage zilizozaliwa humo, kama UH 6303 na Uyole 96, zinatajwa na wakulima bila kufikiria zilikotoka. Viwanja vya John Mwakangale vilikuwa vinafyekwa kwa ajili ya Nane Nane. Sikukaa.

Barabara inapanda, hewa inakuwa baridi, na ukifika Isyonje umeingia kwenye viazi mviringo. Udongo ni mweusi, wa volkano, unashika vidoleni. Hapa ndipo gunia liliponisimamisha. Vijana wawili walikuwa wanajaza viazi kwenye kiroba, na kilipofika mdomoni hawakushona. Walichukua kipande cha wavu, wakakizungushia juu, wakaendelea kupanga viazi kimoja kimoja hadi likaota kichwa kirefu, ndipo wakashona kwa sindano ndefu na kamba ya katani. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Gunia lile, watu wawili wenye nguvu walilinyanyua kwa kuhema.

Mwenye shamba alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni kwa baridi. Nikamuuliza anaonaje. "Ukikataa lumbesa, kaka, tajiri anakwenda kwa mwenzako. Kiazi hakingoji." Analipwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo kile kichwa cha wavu ni jasho lake linaloondoka bure. Mbegu amenunua, dawa ya ukungu amepiga wiki baada ya wiki kwa sababu ya ukungu wa milima hii, mbolea amenunua. Tangu 2022 kuna ruzuku ya serikali, na anasema imemsaidia. Kisha ruzuku yote hiyo inatoka tena mlangoni mwake kwa jina la lumbesa na kupanda lori. Nimezunguka masoko mengi Dar es Salaam nikaona magunia yale yenye vichwa, na sikuwahi kuyatazama kwa jicho hili. Wakala wa Vipimo wamepambana nayo miaka mingi, viongozi wameipiga marufuku majukwaani, lakini kule shambani hakuna mizani. Bila mizani, marufuku inabaki kuwa maneno.

Kiwira na Tukuyu nilipita kwa siku moja, na nakiri ni dhuluma kwa wilaya inayopata mvua nyingi namna ile. Migomba imefunika nyumba, katikati yake kuna kahawa na parachichi, na ng'ombe wa maziwa wamefungwa bandani wanaletewa majani. Kila kitu kinalisha kingine: samadi inakwenda mgombani, mgomba ukishazaa shina lake linarudi kwa ng'ombe. Nilikaribishwa mbalaga, ndizi za kupika, ya moto, nikasema "ndaga", yaani asante, hadi wenyeji wakafurahi. Asubuhi sokoni akina mama walikuwa wameshusha mikungu kabla jua halijatoka, na malori ya Dar yalikuwa yameshajaa nikiwa bado nakunywa chai ya Katumba.

Baada ya Tukuyu barabara inaporomoka hadi tambarare ya Kyela, na joto la Ziwa Nyasa linakupiga usoni. Wali wa Kyela unajulikana kwa harufu yake nchi nzima, lakini mazungumzo yote niliyokutana nayo yalikuwa ya kokoa. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, baada ya mavuno kuharibika Afrika Magharibi, na huku Kyela watu wanautaja mwaka huo kwa nyumba zilizoezekwa. Mpakani Kasumulu walikuwa na kumbukumbu nyingine. Malawi ilizuia baadhi ya mazao yetu mwaka 2025, na Aprili Tanzania nayo ikajibu kwa kuzuia ya kwao kwa siku chache. Wenye ndizi na mchele waliosubiri upande huu wanasema siku hizo chache zilikuwa ndefu.

Nilimalizia kwenye ghala la chama cha ushirika. Kokoa ya Kyela inauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anachachusha punje zake kwa siku kadhaa, zikiwa zimefunikwa majani ya mgomba, anazikausha juani, anazileta zikiwa kavu, anapimiwa, anapewa karatasi, kisha mnada unafanyika na wanunuzi wanashindana. Zamani wengi waliuza mbichi kwa walanguzi, kwa ndoo. Mzee mmoja alifika na kiroba juu ya baiskeli. Karani akakiweka kwenye mizani ya kidijitali, akasoma namba. Mzee akatikisa kichwa, akaomba kirudiwe. Karani akakishusha, akaiacha mizani irudi sifuri mbele ya watu wote, akakipandisha tena. Namba ilikuwa ile ile. Mzee akaisoma mwenyewe kwa sauti, akaandikiwa karatasi, akaikunja na kuiweka mfuko wa shati, akaniambia kwamba anayo heka moja ya viazi kwa shemeji yake huko Isyonje, na angependa sana mizani hii ipelekwe kule.