Mtoki si ugonjwa

Mtu amekanyaga gamba la chaza huko Tudor, Mombasa, maji yamekupwa, tope limemfika vifundoni. Anaosha mguu haraka haraka, anaendelea na shughuli zake. Siku ya pili au ya tatu anaamka na donge kinenani, linamuuma akipanda ngazi, na nyumbani wanalijua kwa jina: mtoki. Hutolewa mafuta ya nazi, donge likachuliwa mpaka machozi yamtoke. Mguu wenyewe hakuna anayeutazama.

Naomba utazamwe mguu kwanza. Mtoki ni tezi iliyovimba, na kila tezi ina eneo inalolichunga. Maji yanayovuja kutoka mishipa ya damu hurudi kwa njia nyembamba za limfu, na njiani huchujwa kwenye tezi hizo. Ya kidole gumba cha mguu huishia kinenani. Ya kisigino hupitia nyuma ya goti. Kidole cha mwisho cha mkono chaweza kuvimbisha tezi ya ndani ya kiwiko kabla ya kwapa, na jino lililooza huinua donge chini ya taya. Ukiijua ramani hiyo, donge litakupeleka lenyewe hadi kwenye kidonda.

Pale kidondani kazi huanza ndani ya dakika chache. Seli zilizo chini ya ngozi humwaga histamini, mishipa midogo ya damu ikapanuka na kuvuja, ndipo mahali pakavimba na kupata joto. Kwenye ngozi nyeusi wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo gusa kwa mgongo wa kiganja ulinganishe na mguu wa pili. Saa chache baadaye hufika nyutrofili, seli nyeupe ambazo uboho wa mifupa hutengeneza kama bilioni 100 kila siku. Humeza bakteria na kufa nao. Usaha kwa sehemu kubwa ni maiti zao.

Wakati huohuo, seli za upelelezi huchukua vipande vya bakteria na kuvipeleka hadi kinenani. Humo tezini mna seli T, askari wengine wa kinga, za kila namna, na zinazokitambua kipande kile ni chache mno. Zikishapatikana hugawanyika, zikagawanyika tena, siku baada ya siku, mpaka ganda la tezi linavutika kwa ghafla. Hayo ndiyo maumivu ya mtoki: jeshi linaandikishwa. Kuuchua hakusaidii kitu, na ukiwa umeshatunga usaha ni hatari. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi safi, hakikisha kipande cha gamba hakikubaki ndani, maana kikibaki vita haviishi, na uchomwe sindano ya pepopunda ikiwa imepita miaka 5 tangu ya mwisho. Kidonda kikipona, tezi nayo hunywea kwa wiki chache. Homa ikipanda, au mstari mwekundu ukipanda mguuni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Mwenye kisukari asingoje dalili hizo: sukari ikiwa juu nyutrofili huzubaa, na mguu uliokufa ganzi hautamwambia kitu.

Vita visivyoisha ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Kwale watu wanakijua kichocho. Mayai ya minyoo yake hunasa kwenye ukuta wa kibofu, na kinga huyazingira kwa miaka, ikiunguza na kutia makovu. Seli za ukuta hulazimika kugawanyika kila mara kuziba palipoharibika, na kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa kwenye jeni. Ndiyo njia ya kuelekea saratani ya kibofu, na ndiyo sababu mkojo wenye damu hautakiwi kuzoeleka, hata kwa mtoto.

Saratani yenyewe kinga huiona, na mara nyingi huiua ingali changa. Inayoponyoka imejifunza kujificha: baadhi ya seli zake hujipaka protini iitwayo PD-L1, inayokanyaga breki za seli T. Dawa za kuachia breki hizo zilitokana na kazi iliyowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Seli hizo za saratani husafiri kwa njia zilezile za limfu, lakini tezi hukua polepole, kwa hiyo mara nyingi haiumi. Donge gumu lisilouma, lisilosogea ukilisukuma, lililozidi sentimita 2 au kupita wiki 4, lichunguzwe. Lililo juu ya mtulinga halisubiri hata wiki hizo.

Na tafadhali, usimeze prednisoloni wala deksamethasoni, vile vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kichinichini, kabla ya uchunguzi. Limfoma, yaani saratani ya tezi hizi, huweza kunywea kwavyo kwa muda, tezi ikapotea chini ya vidole, na kipimo kikashindwa kusoma kilichopo. Kwetu tezi za shingo mara nyingi ni kifua kikuu, ambacho dawa zake ni za bure katika hospitali za serikali, kwa hiyo siku tezi inapokatwa ipimwe uliza swali moja: kipande kinatiwa wapi? Kikizamishwa chote kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, bakteria wote hufa na hawawezi tena kuoteshwa maabara. Nusu iende fomalini kwa ajili ya saratani, nusu kwenye maji ya chumvi ya hospitali, na ifike maabara siku hiyohiyo.