Nilivyoacha kulisha mwamba ndoana

Mimi ni mtu wa Masasi. Mwamba ninaoujua ni ule unaouona ukiwa bado mbali kwenye basi, umejisimamia peke yake. Mwamba wa baharini hauonekani. Unajua upo pale mshipi unapokaza, moyo unaruka, unapiga kelele "njomba, huyu mkubwa!", unavuta mpaka vidole vinachanika, kumbe umeivua Tanzania nzima.

Mwaka wangu wa kwanza Mtwara niliivua Tanzania karibu kila Jumapili. Nina gereji ya pikipiki Chikongola. Jumapili nafunga, nashuka Shangani na mshipi, narudi na kipande cha nailoni. Mke wangu aliacha kuuliza nimepata samaki gani, akawa anauliza ndoana zimebaki ngapi.

Ushauri niliupata mwingi, tena wa bure. Muuza duka mmoja aliniambia samaki mkubwa anataka ndoana kubwa, akaniuzia ndoana ya kutundikia mbuzi buchani. Mwingine akasema weka risasi nzito ifike chini haraka. Ikafika kweli, na iko huko mpaka leo. Jirani yangu yeye akasema bahari ina wenyewe, nisome dua kwanza. Dua nilisoma, ndoana zikaendelea kuondoka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kitu kimoja tu: fundi, unatupa juu ya nini? Mchanga, nyasi, mwamba au mizizi ya mikoko?

Nikaingia kwenye simu. Huko nikawaona Wamarekani wanavua samaki wanamwita bass. Ni samaki wa maji baridi, hata Naivasha kule Kenya alipandikizwa zamani, huku baharini kwetu hayupo. Anapenda kujificha kwenye majani na magogo yaliyozama, na wale jamaa wana chambo cha plastiki laini mfano wa mnyoo kwa kila aina ya maficho. Penye majani mengi wanaichoma ncha ya ndoana ndani ya mnyoo wenyewe, isitokeze. Mnyoo unapita katikati ya majani bila kunasa. Samaki akiuma, unakaza, ncha inatoboa plastiki inaingia mdomoni. Nilirudia ile video labda mara ishirini, wateja wakisubiri breki zao.

Nikaagiza minyoo Dar, ikaja na basi. Bei siitaji maana mke wangu anajua kusoma. Tuseme ingetosha mafuta ya kupikia ya mwezi. Ya zambarau, inang'aa, mkia unacheza. Jumapili nikaenda nayo ukingoni mwa mwamba, vijana wa pale wamenizunguka kama nafanya mazingaombwe. Nikatupa. Nikasikia tku, tku, tku. Nikakaza, hamna kitu. Kuvuta, mnyoo umebaki nusu, umekatwa safi kama kwa mkasi. Nikaweka wa pili, ukarudi kichwa tu. Wa tatu ulirudi na mhalifu mwenyewe: bunju, amejijaza upepo tumboni, ananitazama na yale meno yake kama ya sungura. Samaki ambaye hata kula huwezi, ana sumu. Vijana walilala chini kwa kucheka. Pakiti nzima iliisha siku ile, na kuna mpaka leo anayeniita Fundi Bunju.

Aliyenitoa kwenye aibu ni mzee mmoja wa Mikindani aliyeleta pikipiki ya mwanawe itengenezwe. Nikamwamkia, nikamsimulia. Hakucheka, ila aliangalia pembeni kwa muda. Akasema, "Fundi, wewe injini ikikorofisha unaanza kwa kubadilisha kifaa, au unaifungua kwanza uone ndani?" Nikamwambia naifungua. "Sasa bahari mbona hujaifungua?"

Akanipeleka ghubani na mtumbwi wake. Alikuwa na chubwi lake la risasi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, lenye kishimo kitakoni, anakipaka sabuni ya mche, anashusha chubwi mpaka chini, anagusisha, anapandisha. Sabuni imeshika chembe za mchanga: hapo mchanga. Imekuja na unyasi: hapo nyasi. Imekuja tupu, imekwaruzwa: mwamba. Kila akipata jibu anageuka nchi kavu, anapanga mnara wa simu na mnazi fulani uliopinda, anakariri.

Mimi na ufundi wangu nikaona sabuni ya nini wakati grisi ninayo ndoo nzima. Tena nikagundua jambo ninalojivunia: plagi mbovu ya pikipiki ni chubwi tayari. Ukiifunga kwa upande wa kaure, ile ncha ya kuchomea inakaa chini, na mle ndani mna uwazi unaoshika kitu usitoke. Nikaijaza grisi. Chini nikapajua vizuri sana! Samaki nao wakanijua, maana vidole vyangu vilevile vya grisi ndivyo vilivyoshika chambo, na asubuhi nzima hakuna aliyegusa, hata bunju. Nikarudi kwenye sabuni, na mkono wa sabuni sishikii chambo.

Njia nyingine haina gharama. Subiri bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakipwa sana, tembea Shangani na viatu miguuni uangalie kwa macho yako pale utakapotupa yakijaa. Nilizikuta ndoana zangu tatu mle, zimeota kutu.

Sasa nyasi. Ghuba ya Mikindani ina nyasi za bahari, na plagi ikitua humo inazama na chambo kikafunikwa. Kwa hiyo plagi inakaa mwisho kabisa wa mshipi, ndoana inafungwa juu yake kama urefu wa mkono, chambo kikaelea juu ya nyasi. Na hapa ule ujanja wa Wamarekani ulinilipa: kipande kirefu cha ngisi badala ya mnyoo wa plastiki, ncha imefichwa ndani ya nyama. Nyasi hazikamati. Ngisi mgumu, wadokozi hawammalizi upesi. Mzee aliponiona nachoma ncha kurudi ndani alisema nimefunga ndoana kipofu. Changu wawili baadaye akaniomba nimwonyeshe tena.

Mchanga ni rahisi: mshipi mwembamba, ndoana ndogo, chubwi juu na chambo kimelala nyuma yake. Kaa karibu na mwamba, jua likizama changu wanatoka kutafuta kaa.

Mwamba ndio uliokuwa umenifilisi. Hapo situmii plagi wala risasi, natumia jiwe la kuokota, nalifunga kwa uzi wa cherehani. Jiwe likinasa, navuta, uzi unakatika, ndoana inarudi nyumbani. Lakini chewa hakupi nafasi ya kujisifu. Ana tundu lake, akishameza anarudi ndani kwa kasi, anatanua mashavu, humtoi. Wa kwanza kunifanyia hivyo nilivutana naye mpaka mtumbwi ukainama. Mzee akasema, "Mlegezee." Nikaona mzee ananidhulumu samaki. "Mlegezee, fundi, akae akijua umeondoka." Nikalegeza. Tukakaa kimya, sijui dakika tano, sijui kumi, mzee anatafuna muhogo. Mshipi ukaanza kutembea wenyewe polepole. "Sasa." Nikavuta kama navuta kamba ya jenereta. Alitoka! Siku hizi akigonga tu namvuta mikono mitatu kabla hajageuka, ila nikichelewa nalegeza.

Kuna mahali sabuni ilikuja tupu, nikashangilia mwamba. Mzee akatikisa kichwa. Palipigwa baruti miaka ya nyuma, akasema, chini ni kifusi cha matumbawe tu, ndoana inanasa na samaki hana pa kulala. Tukapita.

Kwenye mikoko nilikosea kwa muda mrefu, nikitupa katikati ya mizizi maji yakijaa. Samaki wamo kweli, lakini akiuma anazunguka mzizi mara mbili mmeshaachana. Subiri maji yaanze kupwa, kaa kwenye mdomo wa kijito, watapita hapo hapo wakitoka. Chambo ni kamba mbichi, mshipi mnene. Ukimwona mzia anakatiza, funga kipande cha waya juu ya ndoana, meno yake hayaheshimu nailoni. Na ukitaka kwenda Msimbati uliza kwanza, kule ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, kuna taratibu zake.

Plagi mbovu sasa hazitupwi gerejini kwangu, zina ndoo yake. Wateja wameanza kunong'ona kwamba nawarudishia za zamani kwa bei ya mpya. Juzi mmoja kanunua plagi mpya, kaitazama ile ndoo, kaondoka na mbovu yake mfukoni.