Leontyne Price na ile C ya Aida

Masikio ya Lamu yaliyokulia kwenye taarabu yakikutana na opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa, huuliza kwanza: mbona maneno hayasikiki? Katika taarabu shairi ndilo bwana, na maikrofoni humbebea mwimbaji sauti. Soprano wa opera, mwanamke wa sauti ya juu, hana maikrofoni. Ana pumzi yake na kinywa chake, na okestra nzima iko mbele yake. Akifika noti ya C ya juu, nyuzi za sauti hutikisika zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na kwa kimo hicho irabu karibu zote hufanana. Akishikilia "i" iwe "i" kamili, mdomo hubana na sauti huwa nyembamba, kali. Kwa hiyo huteremsha taya, kila irabu akaisogeza kwenye "a". Neno hupotea, lakini sauti hufika kiti cha mwisho.

Leontyne Price, soprano wa Marekani, ndiye wa kumsikiliza kwa hili. Alizaliwa 1927 Laurel, Mississippi, mama yake mkunga, baba yake mfanyakazi wa kiwanda cha mbao, akaja kusoma chuo cha muziki cha Juilliard, New York. Aida, binti mfalme wa Uhabeshi aliyetekwa Misri katika opera ya Verdi, alimwimba mara ya kwanza San Francisco mwaka 1957, baada ya soprano aliyepangiwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Mwaka 1960 akamwimba katika jumba la opera la La Scala, Milano.

Kiini cha kazi hiyo ni tendo la tatu, usiku kando ya Nile, Aida akiililia nchi yake katika "O patria mia". Humo imo C ya juu, na Verdi alitaka iimbwe kwa upole, okestra ikiwa nyepesi kabisa. Pa kujificha hapana. Wengi huiharibu kabla hawajaifikia: huvuta pumzi nyingi mno, mabega yakapanda, shingo ikakaza, na noti ikatoka kama ukelele. Pumzi inayofaa hukaa chini, mbavu zimetanuka, kisha hutolewa kama nahodha anavyolegeza demani, kamba ya tanga: kidogo kidogo, tanga lisipigepige. Price alikuwa na mkono huo wa nahodha.

Januari 1961 aliingia Metropolitan Opera ya New York kwa "Il trovatore", na makofi yakadumu dakika 40 na ushei. Miezi michache baadaye, katika "La fanciulla del West", sauti ilimkauka katikati ya onyesho. Mwisho wa tendo la pili alikuwa akisema maneno badala ya kuyaimba, na tendo la tatu likamaliziwa na Dorothy Kirsten. Aliyewahi kusoma kasida siku za zefe anajua koo linavyofika hapo. Tangawizi haisaidii nyuzi zilizovimba. Dawa ni kunyamaza, hata kunong'ona kusiwepo. Price alipumzika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alipunguza maonyesho ya opera, akaongeza matamasha ya sauti na piano, ambako hakuna okestra ya kushindana nayo. Naona uamuzi huo una uzito kuliko makofi yote ya 1961, kwani wenzake wengi hukubali kila mwaliko na kufika miaka 45 sauti inayumba kama taa ya upepo.

Aliiaga opera Metropolitan tarehe 3 Januari 1985, akikaribia miaka 58, kwa Aida yule yule. Onyesho lilirushwa kwenye televisheni na kanda yake ipo. Ukifika tendo la tatu, ongeza sauti kabla ya C, kisha tazama taya lake.