Vijitu vya sentimita mbili, na daladala ionekane ni ya Dar

Nilianza kuzipenda picha za vijitu vidogo barabarani baada ya kuona kazi za Slinkachu, msanii wa Uingereza ambaye tangu 2006 amekuwa akivipanga vijitu vya treni za mfano kwenye mitaa ya London, anavipiga picha kisha anaviacha hapo hapo. Mimi nilitaka mtu akiiona picha yangu ajue mara moja kwamba hii ni Dar es Salaam. Hapo ndipo penye kazi, maana ukisogeza lenzi karibu na kitu kidogo kiasi hicho, vyote vilivyo nyuma yake vinageuka ukungu, na kijitu chako kinabaki kimesimama mahali ambapo pangeweza kuwa popote.

Vijitu vyangu vingi ni vya kipimo cha 1:87, kwa hiyo mtu wa sentimita 174 anakuwa na sentimita 2. Vya kwanza nilipewa na rafiki yangu msanifu majengo, wao huviweka kwenye modeli za nyumba, ila vya kwao mara nyingi ni 1:100. Vinakuja na ngozi nyeupe na makoti ya baridi, nami navipaka upya kwa akriliki na brashi nyembamba kuliko zote dukani. Rangi ya kucha siitumii, viyeyusho vyake vinaila plastiki. Mama mmoja nimempaka kanga nyekundu yenye vitone vyeupe, kichwani nikambandikia sinia nililokata kwenye karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ukimtazama kwa karibu utaapa anakwenda kuuza karanga.

Suala la ukubwa wa vitu nililitatua kwa hesabu ya darasani. Simu ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye kijitu, kijitu hicho kinaonekana kwa ukubwa ule ule wa mtu halisi aliyesimama mita 8.7 kutoka kwenye lenzi. Maana yake, daladala ikisimama umbali wa karibu mita tisa, inakuwa saizi yake! Mama karanga anaonekana kabisa anaikimbilia. Sihitaji namba ya gari wala maandishi ya kioo cha nyuma. Ule mstari wa rangi ubavuni unaoonyesha ruti unatosha, hata ukiwa umefifia, na mtu wa Dar anaujua. Kwenye ukungu, simu imenisaidia kuliko kamera kubwa, kwa sababu kihisi chake, yaani kipande kinachopokea mwanga, ni kidogo na ukungu wake si mzito. Anayetumia kamera kubwa apunguze tundu la lenzi hadi f/11 au namba kubwa zaidi (namba ikipanda, tundu linapungua), aongeze mwanga.

Jambo la pili ni kushuka. Simu naigeuza kichwa chini miguu juu ili lenzi iguse lami, iwe usawa wa macho ya kijitu. Ukipiga ukiwa umesimama unapata picha ya mdoli aliyeangushwa. Miguuni nabandika punje ya nta, la sivyo upepo unamlaza kila daladala ikipita. Mwanga wa saa sita mchana nauacha kabisa, jua la huku linakuwa utosini na uso wote unaingia kivulini. Saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni ndiyo muda wangu. Kariakoo naiwahi kabla machinga hawajatandaza. Posta, kwenye Sanamu ya Askari iliyopo tangu 1927, namweka kijitu kwenye ukingo wa barabara na kumwinulia lenzi kidogo, basi.

Watu ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ukilala chini kituoni, wa kwanza atakuuliza, "Kaka, umeangusha nini?" Namwonyesha, naye anamwita mwenzake. Mahali pa mtu siweki kitu bila kuomba, na karibu na majengo ya serikali au ya jeshi simu inabaki mfukoni.

Kuna kijiwe cha kahawa Ilala ambako wazee wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilimwamkia mwenye ubao, "Shikamoo mzee," nikamwomba nafasi pembeni. "Marahaba. Weka, lakini kete zangu zisisogee." Nikawapanga mafundi wawili wenye koleo nyuma ya kizibo, kana kwamba wanakisukuma kwenda kukamata kete ya mpinzani. Kwa lenzi ile ya chini, meno ya kizibo yalikuwa yanawafika magotini, kutu inaonekana, na nyuma yao vidole vya mzee vinashuka kutoka juu, vikubwa, makovu na kucha zote zinasomeka. Hakuna ukungu uliohitaji kutatuliwa. Mwenye kahawa akatuletea kashata, na kabla hatujaila nikawahamishia mafundi wale juu yake, wakavunja karanga kama wako machimboni.

Picha ya vidole niliisafisha studio na kumpelekea mzee. Aliizungusha kwa wenzake, kisha akaniuliza kwa nini fundi wa kushoto hana kofia. Nimeshampaka ya kijani, na mzee ameniahidi ubao tena Jumamosi, mechi ikiisha.