Uongozi wa Chama cha Marubani Upimwe kwa Rosta

Chama cha Marubani wa Ndege nchini Kenya, ambacho wengi wanakijua kwa kifupi chake KALPA, huonekana na umma pale tu ndege zinapoacha kuruka. Mgomo ukiisha, kamera huondoka, na mabishano ya kweli ndipo yanapoanza miongoni mwa wanachama wenyewe: nani alitupeleka pale, tulirudi na nini mkononi, na je, viongozi hawa wastahili kuchaguliwa tena? Mimi si mwanachama wa chama hicho. Narusha ndege ndogo ya injini moja kutoka uwanja wa Wilson, nikibeba watalii kwenda Mara na Samburu, lakini baadhi ya wenzangu niliosoma nao urubani sasa wako kwenye ndege kubwa, na mabishano yao hunifikia yangali moto. Kwa muda mrefu nimeyasikiliza bila kusema neno. Leo nataka kusema kwamba wanapima uongozi kwa kipimo kisichofaa.

Nianze na Novemba 2022, kwa sababu kila upande huanzia hapo. Jumamosi ya tarehe 5 mwezi huo, marubani wa Kenya Airways waligoma, ingawa mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira ilikuwa imekwisha kutoa amri ya kuusimamisha mgomo huo. Abiria zaidi ya 10,000 walikwama. Madai makuu yalikuwa mawili: shirika lirudishe mchango wake katika hazina ya akiba ya marubani, uliokuwa umesitishwa mwaka 2020 wakati ugonjwa wa korona ulipozifungia ndege chini, na lilipe mishahara iliyokuwa imezuiliwa tangu kipindi hicho. Katikati ya vuta nikuvute hiyo usimamizi ukatangaza kwamba unajiondoa katika makubaliano ya kukitambua chama. Tarehe 8, Jaji Anna Mwaure aliwaamuru marubani warudi kazini kufikia saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata bila masharti yoyote, na akalizuia shirika kuwaadhibu. Wakarudi.

Wakenya wengi hawakuwahurumia, na siwalaumu. Rubani ni miongoni mwa waajiriwa wanaolipwa vizuri zaidi nchini, na mtu aliyekwama uwanjani na watoto wake hana nafasi moyoni ya kufikiria akiba ya uzeeni ya mtu mwenye mshahara mara nyingi zaidi ya wake. Hata hivyo, dai lenyewe lilikuwa na uzito ambao viongozi hawakujua kuueleza. Rubani wa ndege za abiria za kimataifa hawezi kufanya kazi hiyo baada ya miaka 65, na kabla ya hapo riziki yake inategemea cheti cha afya kinachokaguliwa kila mwaka, na kila miezi sita akishavuka miaka 60. Moyo ukibadilisha mapigo yake, au sukari ikipanda na kukataa kushuka, mtu mwenye miaka 48 anaweza kuingia kwa daktari akiwa kapteni na kutoka akiwa hana kazi, tena hana ujuzi mwingine ambao soko litaulipia kwa kiwango kile alichozoea. Kwa mtu wa namna hiyo akiba si anasa. Ilihitajika sauti moja tulivu ya kulieleza jambo hili kwa Kiswahili rahisi kwenye redio, wiki kadhaa kabla ya ilani ya mgomo, lakini tulichosikia ni barua za mawakili.

Sasa nije kwenye mgawanyiko wenyewe. Ukiwasikiliza wanachama, utadhani wamegawanyika kati ya wakali na wapole, yaani wanaotaka mgomo na wanaotaka mazungumzo. Mimi naona wamegawanyika kwa umri na kwa kiti. Kapteni mwenye miaka 58 anaitazama hazina ya akiba kama jambo la kesho asubuhi. Rubani msaidizi mwenye miaka 27, ambaye familia yake iliuza shamba au kukopa mamilioni ya shilingi ili apate leseni, anatazama mkopo, kodi ya nyumba, na idadi ya usiku atakaolala kitandani kwake mwezi huu. Wote wawili ni wanachama na wote wawili hukatwa ada, lakini anayekaa mbele mkutanoni ni yule wa kwanza, kwa kuwa uongozi huelekea kwa wenye majina na miaka mingi kazini.

Msomaji asiye wa fani hii anahitaji kuelezwa kuhusu orodha ya ukongwe, kwani bila hiyo hataelewa kwa nini marubani hugombana na mwajiri miaka nenda miaka rudi badala ya kuhama. Siku unapoajiriwa, jina lako huwekwa chini kabisa ya orodha. Unapanda kadiri walio juu yako wanavyostaafu, wanavyohama, au shirika linavyoongeza ndege. Nafasi yako kwenye orodha hiyo ndiyo inayoamua utarusha ndege ya aina gani, lini utapewa ukapteni, na kama utapata likizo ya Desemba au ya mwezi wa pili wakati watoto wako shuleni. Ukihamia shirika jingine, hata ukiwa na saa 10,000 za kuruka, mara nyingi unaanza tena chini ya orodha yao. Ndiyo maana mwalimu au mhasibu asiyeridhika huandika barua ya kuacha kazi, naye rubani asiyeridhika hugombea uongozi wa chama.

Orodha hiyo ilipata mtikisiko mkubwa baada ya Kenya Airways kutangaza hasara ya shilingi bilioni 25.7 kwa mwaka ulioishia Machi 2015, na nyingine ya bilioni 26.2 mwaka uliofuata. Ndege kubwa za Boeing 777-300ER zilikodishwa kwa Turkish Airlines, na ndege mbili aina ya Dreamliner zikaenda Oman Air. Ndege ikiondoka, viti vya ukapteni huondoka nayo, na wote waliokuwa wakisubiri zamu yao hubaki pale pale walipo. Baadhi ya marubani walikwenda kwenye mashirika ya Ghuba. Waliobaki, wakiwa na hasira ya haki, walikiunga mkono chama Oktoba 2016 kilipotishia mgomo kikidai mkurugenzi mkuu Mbuvi Ngunze na mwenyekiti wa bodi Dennis Awori waondoke. Mwezi huo huo Michael Joseph akachukua nafasi ya Awori, na mwaka uliofuata Sebastian Mikosz akachukua ya Ngunze. Chama kikahesabu ushindi.

Ushindi wa nini hasa? Swali hilo nililiuliza mbele ya wenzangu wawili katika kibanda cha chai nyuma ya hangari za ndege za Wilson, mmoja kapteni na mwingine rubani msaidizi, wote wa ndege kubwa. Kapteni alijibu kwamba angalau usimamizi ulijua kuwa marubani si watu wa kuchezewa. Yule kijana hakujibu. Alitoa simu, akaifungua rosta yake, yaani ratiba ya zamu zake za mwezi, akaisukuma mezani hadi mbele ya kapteni. Ilikuwa imeandikwa kwa UTC, yaani saa za kimataifa zinazotumiwa katika usafiri wa ndege, kwa hiyo unaposoma 1900 unapaswa kuongeza tatu ili upate saa nne usiku ya Nairobi. (Rubani wa Afrika Mashariki huishi na saa za aina tatu kichwani: za UTC, za ukutani na za Kiswahili; mke wangu amekwisha kata tamaa ya kuniuliza narudi saa ngapi.) Kuripoti saa nne usiku, kwenda, kugeuza, kurudi, kutua jua likiwa limechomoza. Kesho yake mapumziko. Keshokutwa kuripoti saa kumi na moja alfajiri. Siku inayofuata zamu ya kusubiri simu. Kisha usiku tena.

"Na hii yote ni halali, Kapteni," alisema. "Hakuna kanuni hata moja iliyovunjwa."

Alisema kweli, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kanuni huweka dari. Kanuni za Ulaya, kwa mfano, zinamruhusu rubani saa 100 za kuruka katika siku 28, saa 900 katika mwaka wa kalenda, na saa 60 za kazi katika siku saba. Kanuni hizo hizo zinatambua kwamba mwili huwa katika hali yake dhaifu kuanzia saa nane usiku hadi kukaribia saa kumi na mbili alfajiri, na ndiyo sababu anayeanza kazi jioni au usiku hupunguziwa muda wa zamu. Lakini kati ya kilicho halali na kinachovumilika pana uwanja mpana, na ratiba inayopishanisha usiku na alfajiri katika wiki moja inaweza kutimiza kila kifungu na bado ikamwacha mtu akiwa amekodoa macho ilhali akili imelala. Anayeujaza uwanja huo ni mpangaji wa zamu aliyekaa ofisini na kompyuta, na anayepaswa kukaa ng'ambo ya meza yake kila mwezi ni mwakilishi wa chama.

Marekani walijifunza hili kwa gharama kubwa. Februari 2009, ndege ya Colgan Air 3407 ilianguka karibu na Buffalo, watu 50 wakafariki. Uchunguzi ulieleza kwamba marubani walikosea katika kuidhibiti ndege, lakini pia ulifichua maisha yao: rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande mwingine wa nchi ili kufika kazini, na kapteni alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Familia za waliofariki na vyama vya marubani walisukuma hadi kanuni mpya za kupumzika zikaanza kutumika Januari 2014. Shinikizo hilo lilichukua miaka, na wajumbe wa vyama waliokwenda mezani walikwenda na takwimu za usingizi.

Hapa kwetu tuna somo jingine, la Douala, Kameruni. Tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways namba 507 iliruka usiku wenye mvua na kuanguka muda mfupi baadaye; watu wote 114 walifariki. Ripoti ya uchunguzi ilitaja kupotea kwa mwelekeo gizani, na ikataja pia ushirikiano hafifu kati ya wale wawili waliokuwa mbele. Tangu tukiwa wanafunzi tunafundishwa kwamba rubani msaidizi anayeona kosa na kunyamaza ni hatari sawa na kosa lenyewe. Katika simuleta, mashine ya mafunzo inayoiga ndege, tunapewa alama kwa kumkatiza kapteni. Nashangaa basi kwamba kijana huyo huyo akiingia katika mkutano wa chama anatarajiwa kukaa nyuma, kuinua mkono kwa adabu, na kuambiwa kwamba suala la gari la kuwachukua wafanyakazi saa tisa usiku litajadiliwa katika mengineyo.

Mengineyo! Ukiwauliza marubani kumi kinachowatoa roho kazini, wachache watataja bodi. Watakutajia hoteli iliyo juu ya klabu ya usiku, chakula kilekile katika ndege kwa wiki nzima, rosta inayobadilishwa saa chache kabla ya zamu, na simu ya kuombwa kufanya kazi siku ya mapumziko, inayosemwa kwa upole lakini yenye uzito wa amri kwa kijana aliye kwenye miezi ya majaribio.

Kapteni wangu alikuwa na hoja, nami sitaki kuificha. Alisema mwakilishi anayekwenda kudai kubadilishiwa hoteli bila nguvu ya mgomo nyuma yake atapewa chai na kuagwa. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inataka ilani ya siku saba kabla ya mgomo, na orodha yake ya huduma za lazima inawataja waongozaji wa ndege lakini haiwataji marubani, kwa hiyo silaha hiyo wanayo kwa mujibu wa sheria na wa kifungu cha 41 cha Katiba. Nakubaliana naye kwamba silaha ni lazima iwepo. Ninachokataa ni kiongozi kuomba kura kwa kuionyesha tu. Uchaguzi wa vyama hufanyika angalau mara moja kila miaka mitano, na katika muda huo mgomo unaweza kutokea mara moja au usitokee kabisa, lakini rosta itatolewa mara 60. Mgombea anionyeshe ni ripoti ngapi za uchovu alizozifuatilia hadi zikajibiwa, na ni rubani gani msaidizi alimpa nafasi katika kamati ya majadiliano.

Nayasema haya nikijua kwamba wanaobishana wana kitu cha kubishania. Katika kampuni ninayofanyia kazi hakuna mkataba wa pamoja. Tunalipwa kwa saa za kuruka, kwa hiyo mvua za Aprili zinapoloweka viwanja vya udongo na wageni kupungua, mifuko yetu hupungua nao, na kuanzia Julai hadi Oktoba nyumbu wakiwa Mara, hakuna anayethubutu kusema amechoka kwa sababu hiyo ndiyo miezi ya kulipa madeni. Ili chama kitambuliwe na mwajiri, sheria inataka kiwe kimesajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika. Fomu zimekuwa zikizunguka tangu mwaka jana, hangari hadi hangari. Wenye umri mkubwa wamekwisha kutia saini. Vijana wanasema watatia msimu ukishaisha, na mpangaji wa zamu, ambaye kwetu ni mpwa wa mwenye kampuni, ameanza kuuliza ni nani anayezigawa.